Mlango Uliosimama Hewani

Masika yalikuwa yanakaribia, na mlango wa gereji ya Bi Siwema haukunyanyuka tena. Tangu mumewe afariki ulikuwa ukizidi kuwa mzito, naye akadhani ni uzee wake.

Fundi Makame alipanda ngazi, akafuta kutu kwenye springi mbili nene zilizolala juu ya mlango, akazipaka mafuta, akazikaza taratibu. Akashuka.

"Mama, jaribu kwa kidole."

Bi Siwema alicheka, akaweka kidole. Mlango mzima wa chuma ukapanda kama pazia. Ulipomfika kifuani, fundi akamwambia auachie. Ukabaki palepale, umetulia hewani.

"Subhanallah!"

"Springi ndizo zinazoubeba. Bila hizo, wanaume wanne wangehema."

"Mbona miaka yote nikiufungua kwa mkono mmoja?"

"Basi kuna mtu alikuwa anazishughulikia kila mwaka kabla ya mvua."

Bi Siwema alikumbuka madoa ya mafuta kwenye shati la mumewe, yale aliyoyafua kila masika huku akigomba.

Akapitisha kiganja chini ya mlango, polepole, bila kuugusa, kana kwamba kuna mtu ameushika upande wa pili.