Soksi za Murdo

"Nyeupe hapana," Ishbel alisema, akazitupa soksi kitandani. "Nyeupe wavae wapiga zumari. Wewe unapiga zumari?"

Murdo alikuwa amesimama katikati ya chumba, vifungo vya shati vimekwenda kombo, miguu mitupu kwenye mbao za baridi. Kiunoni alikuwa keshajifunga kilti ya marehemu baba yake, ile sketi ya mikunjo ambayo wanaume wa kisiwa huitoa sandukuni siku kubwa. Ilikuwa ya mirabaraba, kijani na buluu iliyokolea.

"Effie ndiye aliyesema nyeupe. Eti zinatoka vizuri kwenye picha."

"Effie mtu wa Glasgow, hana kosa." Bibi harusi wa siku hiyo alikuwa bado mgeni kisiwani, na watu walimsamehe mengi. "Lakini wewe umezaliwa hapa. Ingia kanisani na miguu kama nguzo zilizopakwa chokaa, uone kama hawatakucheka mpaka Krismasi."

Ishbel akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakuwa amelala. Tangu jana alikuwa kwa Peigi, kikongwe wa kule bandarini aliyekuwa akikata roho taratibu. Alimshika mkono hadi mwisho, akamfumba macho, akawachemshia wafiwa chai. Hata viatu hakuwa amevua simu ya Murdo ilipoita: njoo, sijui nivae nini. Akaja, koti lake likinuka dawa na moshi.

Akavuta droo ya juu. Mataulo. Akavuta ya chini yake. Betri na nyuzi za ndoana.

"Soksi unaziweka wapi siku hizi?"

"Kabatini, kule chini. Hizi za kijani je? Zimefanana kabisa na kilti."

"Ndio ubaya wake. Utaonekana kama pazia." Akashika pindo la kilti, akamwonyesha uzi wa manjano uliopita katikati ya buluu, mwembamba hata ungedhani fundi aliusahau. "Soksi zifuate uzi huu mdogo. Rangi kubwa ziache zijitegemee."

Akachakura kabati mpaka akagusa sufu nzito. Zilikuwa soksi ndefu za rangi ya haradali, zimekunjwa vizuri na kuviringwa katika karatasi. Akazitazama kitambo. Murdo naye akazitazama, shingo ikamwiva.

"Hizo ulizifuma wewe, Ishbel. Sidhani kama leo..."

"Sufu haijui nani kaifuma. Kaa."

Akakaa. Mgongo wake ulikuwa haujapona tangu kondoo dume amsukume ukutani majira ya kuchipua, kwa hiyo Ishbel alipiga magoti na kumvalisha mwenyewe, mguu mmoja baada ya mwingine, akazikunja shingo za soksi chini kidogo ya goti. Tepe nyekundu za kufungia soksi, alizokuwa amezitandika Murdo kitandani, alizikataa, akachukua za kijani. Mkoba wa manyoya wa kuning'iniza mbele aliurudisha msumarini.

"Ule ni wa jioni. Mchana unavaa wa ngozi. Na koti jeusi lile la vifungo vya fedha liweke, vaa hili la kahawia."

"Ungeniambia hayo zamani."

"Nimekuambia miaka mingi, Murdo. Ulikuwa unatazama dirishani."

Akacheka, Ishbel hakucheka. Akachomeka kisu kidogo cha desturi, pambo la mwenye kilti, kwenye soksi ya kulia, mpini tu ukachungulia, halafu akabaki vilevile, magoti sakafuni, kiganja kimeegemea kitanda.

"Umechoka," Murdo alisema.

"Nimechoka."

"Labda feri itaweza kufika mchana."

"Haiji. Umesikia upepo ule? Haijafunga gati tangu juzi, haitafunga leo."

"Basi tungeahirisha. Effie ataelewa, nitamwambia mimi."

"Keki haijakatwa vipande? Kondoo hajachinjwa? Watu wa kaskazini hawajalala sebuleni kwa ndugu yako?" Akajiinua kwa kushika kiti. "Hakuna kuahirisha. Simama wima nikutazame."

Murdo akasimama. Ishbel akamzunguka polepole, akavuta mkunjo mmoja nyuma, akampangusa unyoya begani. Alipofika mbele alimfungulia vifungo vya shati, akavifunga upya, safari hii kila kimoja kwenye tundu lake. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Haya. Umependeza."

"Ishbel, mimi..."

"Usiseme kitu. Nitalia, na sina nguvu za kulia."

Honi ikalia nje, ikarudia. Ranald, ndugu yake Murdo, aliteremsha kioo cha gari na kupaza sauti kushinda upepo.

"We Murdo! Effie keshatoka nyumbani! Bwana harusi gani wewe unayetaka kutanguliwa na bibi harusi?"

Murdo hakusogea. "Bado unaweza kukataa," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuna atakayekulaumu."

"Nikikataa, nani mwingine yupo? Mwenzangu aliyekuwa aje kunishikia zamu amekwama bara na feri."

Ishbel akatangulia kushuka ngazi. Mlangoni alitwaa joho lake jeusi kutoka kwenye kulabu alikolitundika alipoingia, akabana kola nyeupe ya uchungaji shingoni, akampungia Ranald mkono kwamba hahitaji gari, akapanda kilima kwa miguu huku upepo ukimsukuma ubavuni.

Kanisa lilipotulia alifungua kitabu, akamtazama Murdo usoni, akamuuliza kama anakubali kumchukua Effie awe mke wake, kwa maneno yaleyale ambayo Murdo aliwahi kuulizwa zamani mahali palepale, siku aliyoitikia "Nakubali" akiwa ameushika mkono wa Ishbel.