Kikuku Kinasikiliza

Kila mtoto ambaye mama yake aliumwa na kupe akiwa mjamzito huvaa kikuku mguuni hadi atimize miaka mitatu. Kikuku husikiliza ubongo, maana ugonjwa wa kupe huweza kuudhuru mtoto akiwa bado tumboni. Kikiwaka kijani, mtoto anakua vizuri. Kikiwaka njano, anachelewa.

Anasia aliumwa akikata majani ya ng'ombe, mimba ikiwa ya miezi minne. Alitibiwa mapema, na mwanawe Kyesi akazaliwa na afya njema. Lakini kikuku ni lazima. Na kwa kuwa kelele hukivuruga, nyumba nzima ilijifunza kunong'ona. Redio ilifungiwa kabatini. Hata ndizi za supu ya mtori zilipondewa uani, mbali na mtoto.

Kyesi alipofikisha miezi minane, kikuku kikawaka njano.

Mama mkwe wake Anasia alipoteremka kutoka Machame kumwona mjukuu, alivumilia siku moja tu.

"Mama Kyesi, mnanong'ona kama wezi ndani ya nyumba yenu wenyewe!"

"Mama, kikuku kinasikiliza."

"Na mtoto je, yeye anasikiliza nini?"

Bibi akampakata Kyesi, akaanza kumsimulia kwa sauti habari za ng'ombe wake, mmoja mmoja kwa jina. Kyesi alimkazia macho mdomoni. Kisha, kwa mara ya kwanza, akajibu.

"Ba. Ba-ba-ba!"

Taa ilibaki njano. Sauti nyororo ikatoka kwenye kikuku: "Kelele zimezidi. Tafadhali nyamazeni."

Anasia alinyanyuka, akafungua kabati, akaiwasha redio.