Nyusi za Mama

Wasichana wenzake darasani walikuwa wamenyoa nyusi wote, kwa hiyo Saumu alirudi nyumbani na wembe mpya.

Mama yake hakugomba. Alichovya pamba kwenye mafuta ya nazi, akajifuta wanja juu ya macho mpaka ikabaki ngozi tupu.

“Na sisi tulinyoa wote,” alisema. “Zangu hazikuota tena.”

Saumu alimtazama. Hakuwahi kujua kwamba kila asubuhi mama huzichora.

“Wembe wako, uso wako. Ila mimi naenda harusini, na nimeshajifuta.”

Saumu aliuweka wembe dirishani, bado umo ndani ya karatasi yake, akachukua penseli ya wanja. Akaanza upande wa kushoto wa uso wa mama, taratibu, akipapasa mahali nyusi zilipokuwa.