Sababu ya Mabadiliko

Mausi ya kompyuta ilikuwa ikitetemeka mkononi mwa mzee aliyemfundisha Kasyoka kazi. Kasyoka akageuka upesi, akajifanya anatazama chati ya mvua ukutani.

Mkubwa wa kituo cha utafiti, pale Kiboko, alitaka Kasyoka aamue leo watatunzaje kila toleo la mafaili ya majaribio ya mtama, hata la zamani lisipotee: kwa kubonyeza picha za kwenye skrini kwa mausi, au kwa kuandika amri kama walivyozoea. Kasyoka mwenyewe alizipenda sana zile picha.

Mzee alishika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, kama mtu anayetuliza kuku. Mshale ukaruka tena kando ya kitufe.

“Mzee, hii mausi inaniumiza mkono,” Kasyoka alisema. “Wacha turudi kwenye kuandika tu.”

“Wewe? Na ujana huo?”

“Mimi.” Akaichomoa, akaifungia kwenye droo.

Mzee akaandika amri ya kuhifadhi faili, polepole, kwa vidole viwili, bila kukosea hata herufi. Kompyuta ikauliza, kama kawaida yake, sababu ya mabadiliko.

Akafikiri kidogo, kisha akaandika: Kasyoka amenisitiri.