Nyimbo za Mwimbaji Asiyepumua

"Usilale, binti! Nitajie wimbo mwingine!"

Fundi umeme alipaza sauti mpaka vumbi likamkaba koo. Alikuwa amelala kifudifudi gizani, zege la dari limemkalia miguu, ncha ya nondo inamgusa shavu. Kila alipotikisa kichwa, mchanga ulimmiminikia sikioni. Ng'ambo ya ukuta ulioinama, kimya.

"Binti!"

"Nipo, fundi. Nipo." Sauti ilitokea juu kidogo, nyembamba, imekauka. "Nilikuwa nachagua. Kuna mmoja wa taratibu, ila unaliza. Tuuache huo."

Fundi akashusha pumzi. Yu hai.

Kabla jengo halijaporomoka walikuwa wamegombana, yeye na huyu binti wa duka la spika. Fundi alikwenda kubadilisha soketi. Binti alikuwa amefungulia kwa sauti ya juu muziki wa yule mwimbaji wa Kijapani aliyetengenezwa kwa kompyuta, msichana asiye na mwili wala koo. Juu ya kaunta palikuwa na kibao: Nyimbo Tunazowapendekezea Vijana.

"Zima hiyo kelele, nitapigwa shoti bure!" fundi alifoka.

"Hujamwelewa tu, fundi. Subiri nikuchagulie za anayeanza."

Hakuwahi. Ukuta ulitoa mlio, sakafu ikawakimbia miguuni.

Sasa fundi hakujua kama ni mchana au usiku. Alijua jambo moja: nyuma ya ukuta ule kuna mtoto wa watu, rika moja na kitinda mimba wake, na huyo akisinzia, basi tena. Miguu yake mwenyewe alishaikatia tamaa. Lakini binti hafi peke yake gizani, wallahi hafi. Ndipo akamuuliza juu ya kitu pekee alichojua kwamba anakipenda.

"Huyo dada yako wa kompyuta. Mtu kama mimi aanze na upi?"

Na binti akaanza kupendekeza, kana kwamba wako dukani na fundi ameshika pochi mkononi. Aanze na ule wa taa ya barabarani iliyompenda mpita njia. Akiuzoea, asikilize wa msichana aliyeachwa na treni akaketi kuicheka. Halafu kuna ule wa haraka, ambao maneno yake yanafukuzana kama kuku, hakuna binadamu anayeuweza.

"Sasa anavuta pumzi wapi?"

"Havuti, fundi. Ndiyo raha yake."

Fundi alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Yeye hewa alikuwa anajigawia kidogo kidogo, kama maji ya mgao.

Simu ya binti ilikuwa imepotelea kwenye kifusi, kwa hiyo aliimba mwenyewe, Kijapani chake cha kukariri, sauti ikikwaruza.

"Bomba la maji lipo karibu nawe? Kila nikifika kwenye kiitikio, gonga kwa nguvu zote. Nataka mdundo."

Anajitia moyo, maskini, fundi aliwaza. Alichomoa koleo kiunoni akagonga. Aligonga mpaka bega likafa ganzi, na kila alipolegea binti alimkemea: "Mdundo, fundi! Unaniharibia wimbo!"

"Umebanwa wapi, mwanangu?"

"Hapa pamenibana kifuani. Ila napumua. Miguu yako je?"

"Mizima," alidanganya. "Nina nafasi hapa hata ya kucheza."

Wakaendelea hivyo, wimbo kwa wimbo. Mara, katikati ya ule wa treni, sauti ilikatika. Mawe yaliporomoka. Fundi alisikia kitu kikiburuzwa, kisha kilio cha binti, "Bado! Bado!" kikififia. Halafu hakuna kitu.

"Binti? Mama? Nijibu!"

Alimwita mpaka sauti ikamwisha. Alivuta miguu, na maumivu aliyodhani yamekufa yakamrukia hadi kwenye meno. Akakwangua ukuta kwa kucha. Akamlilia Mungu amchukue yeye, yeye aliyekwisha kuoa na kuozesha, amwache yule ambaye hata hajaanza. Ukuta haukusogea hata chembe.

Alipoishiwa na maombi, akaimba. Mzee mzima, analia, anaimba kiitikio cha msichana wa kompyuta kwa Kijapani alichokitunga mwenyewe, huku akigonga bomba. Aliimba kwa pumzi ambayo hakuwa nayo. Kama yupo, atasikia. Kama hayupo, angalau amesindikizwa.

"Umekosea, fundi." Sauti ilirudi ikihema kama ya mtu aliyekimbizwa. "Hapo anapanda juu."

Fundi alilaza uso mchangani akalia kwa kwikwi. "Usiniache tena, mwanangu."

"Sikuachi. Gonga."

Akagonga. Akagonga mpaka upande wa miguuni kwake ukaanza kunguruma, msumeno ukalia, mwanga ukapenya kama sindano. Mkono wenye glavu ukamshika kisigino.

"Mzee, tumekufikia! Tulia hivyo hivyo, tunakutoa."

"Sitoki!" Alikumbatia bomba kwa mikono miwili. "Anzeni na yeye! Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha. Mtoeni yeye kwanza!"

"Yeye nani?"

"Binti wa duka la spika! Yuko hapo nyuma ya ukuta, amebanwa kifua, anaishiwa sauti!"

Mwokoaji alisogeza taa ya kofia yake pembeni isimuumize macho.

"Mzee, yule alitoka kwa miguu yake mwenyewe kabla vumbi halijatulia. Tangu jana tunamvuta kumtoa kwenye hilo tundu, na kila tukigeuka, ameshaingia tena, kichwa mbele."