Korongo Shambani kwa Mjomba

Tangu korongo yule aondoke nchi za baridi, Mwatumu alikuwa akimfuatilia kwa kifaa cha setilaiti alichofungwa ndege huyo. Leo alama yake kwenye ramani ya simu iligoma kusogea, naye akaifuata hadi shamba la mpunga la mjomba wake. Alimkuta ndege amekufa, kifaa kingali mgongoni, kando ya dagaa waliotiwa sumu na kutegwa kama chambo.

"Korongo hawa wananimalizia mpunga," alisema mjomba, aliyekuja nyuma yake.

"Korongo hali mpunga, mjomba! Anakula panzi wanaokumalizia!"

"Basi mwanangu, amekufa ndege mmoja tu."

Mwatumu aliinua macho. Kundi zima la korongo lilikuwa linashuka shambani. Akavua kanga, akawakimbilia ndege aliowangoja mwaka mzima, akiwapigia kelele waondoke.