Kona Iliyozoea Kidole

Treni ya kuchezea ya marehemu babake Tausi ilikuwa na kasoro moja: ikifika kwenye kona ya reli pale mezani ilikwama, mpaka mzee aisukume kwa kidole. Leo Tausi alikuwa ameng'oa waya za zamani kwenye kichwa cha treni hiyo na kupachika chipu, ili iendeshwe kwa rimoti.

"Mama, njoo uone!"

Mama hakuja. Tangu wamzike mzee hakuwa amekanyaga chumba kile.

Tausi alibonyeza. Treni iliondoka laini kabisa, ikafika kwenye kona, ikasimama. Alisafisha reli, akakagua waya, akaisukuma kwa kidole. Wapi!

Jikoni sufuria ziliacha kugongana.

"Imekwama tena?" Mama aliuliza, kwa sauti ambayo Tausi hakuwa ameisikia tangu msiba. "Hebu isukume, Baba Tausi. Chai inapoa."

Tausi aliiweka rimoti mezani, akarudi nyuma, mikono mgongoni. Magurudumu yalianza kuzunguka taratibu, na treni ikaimaliza kona.

Mama aliingia na sinia. Lilikuwa na vikombe vitatu, na kimoja alikiweka pale konani, mkono wa kikombe ukielekea mahali pasipo na mtu.